Usugu wa bakteria: Nani atalipia maabara baada ya wafadhili kuondoka?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa Oktoba 2025 inaonyesha kwamba mwaka 2023 ambukizo moja kati ya kila sita yaliyothibitishwa na maabara duniani lilitokana na bakteria sugu kwa antibiotiki. Katika kanda ya Afrika uwiano huo ni moja kati ya matano. Kwa bakteria wawili wanaozisumbua sana hospitali, Escherichia coli na Klebsiella pneumoniae, zaidi ya asilimia 70 ya waliopimwa barani walistahimili sefalosporini za kizazi cha tatu. Kundi hilo ndilo lenye seftriaksoni, sindano ambayo katika wodi nyingi za Afrika Mashariki hufikiriwa kabla ya nyingine yoyote.

Neno la kuzingatia hapo ni "waliopimwa". Karibu nusu ya nchi hazikupeleka takwimu zozote kwa WHO mwaka huo, na karibu nusu ya zilizopeleka hazikuwa na mifumo ya kutegemewa ya kuzikusanya. Mgonjwa ambaye sampuli yake hufika kwenye maabara ya bakteria kwa kawaida ni yule aliyelazwa katika hospitali kubwa ya mjini, mara nyingi baada ya dawa mbili au tatu kushindwa. Aliyepona kwa dawa ya kwanza hahesabiwi, na aliyefia katika zahanati ya kijijini hahesabiwi pia. Kwa hiyo takwimu hizo huenda zimelikuza tatizo, na huenda vilevile zimelificha. Ni vigumu kwa wizara yoyote ya afya katika kanda hii kusema kwa uhakika ni lipi kati ya hayo mawili.

Uchunguzi mpana kuhusu uwezo wa maabara za Afrika ulichapishwa Septemba 2022 na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Tiba ya Maabara, ASLM. Nchi 14 zilikaguliwa, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Kati ya maabara karibu 50,000 zilizoorodheshwa, asilimia 1.3 pekee ndizo zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Kati ya vimelea sugu 15 ambavyo WHO imevipa kipaumbele, ni vitano tu vilivyokuwa vikipimwa mara kwa mara. Na katika takriban asilimia 88 ya matokeo yaliyokusanywa, maelezo kuhusu hali ya mgonjwa mwenyewe hayakuwepo: bakteria anafahamika, lakini haijulikani alimpata nani, wapi, na kama mtu huyo alipona.

Uchunguzi huo uligharimiwa na Mfuko wa Fleming, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 2015 kwa pauni milioni 265 na kupewa jina la Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Kwa miaka kadhaa mfuko huo umekuwa ukinunua vifaa, ukifundisha wataalamu na kukarabati maabara nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Februari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, na Julai mwaka huohuo ikathibitisha kwamba ufadhili wa Mfuko wa Fleming utakoma. Mwezi huo pia shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa rasmi. Katika muda wa miezi sita, misaada miwili mikubwa iliyoziegemeza maabara za kanda hii ikawa imetoweka au iko njiani kutoweka.

Kipimo cha rula na karatasi

Wanaodhani kwamba kinachopotea ni mitambo ya kifahari hawajaingia katika maabara ya hospitali ya mkoa. Kipimo kinachotumika zaidi kuamua kama dawa itamuua bakteria fulani ni cha kizamani, tena cha bei nafuu.

Mtaalamu wa maabara huchukua damu, mkojo au usaha wa mgonjwa na kuotesha vimelea vilivyomo kwa usiku mmoja au zaidi. Bakteria wakishaota na kutambuliwa, huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wa mchanganyiko huo ulingane na kiwango maalumu, kisha hupakwa kwa pamba juu ya sahani iliyomiminiwa agari ya Mueller-Hinton. Juu yake hupangwa visahani vidogo vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, kila kimoja kikiwa kimetiwa dawa yake. Sahani huwekwa katika kabati la joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Asubuhi yake, pale dawa iliposhinda huonekana duara tupu. Pale iliposhindwa, bakteria huwa wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Upana wa duara hupimwa kwa rula na kulinganishwa na jedwali. Utaratibu huo ulisanifiwa na Bauer, Kirby na wenzao katika makala ya mwaka 1966, na hadi leo haujapata mrithi katika hospitali zisizo na fedha nyingi.

Unafuu huo, hata hivyo, una masharti. Agari inapaswa kuwa na kina cha milimita 4. Ikimiminwa nyembamba, dawa husambaa mbali zaidi, duara hupanuka, na bakteria sugu huonekana kama anayetibika. Ikimiminwa nene, hutokea kinyume chake. Mchanganyiko wa bakteria ukiwa mzito kupita kiasi, duara hupungua. Visahani vya karatasi vyenye dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini huhitaji baridi kali na ukavu; vikikaa katika jokofu ambalo umeme wake hukatika kila siku, dawa iliyomo hudhoofika, duara huwa dogo, na daktari huambiwa kwamba bakteria ni sugu ilhali kilichochoka ni karatasi. Mgonjwa hapo huhamishiwa dawa ghali zaidi asiyoihitaji.

Ndiyo maana kila maabara hutakiwa kuwa na bakteria wa kulinganishia, kwa mfano E. coli anayefahamika kwa namba 25922, ambaye duara lake kwa seftriaksoni hujulikana kuwa kati ya milimita 29 na 35. Likitoka nje ya hapo, matokeo ya siku hiyo hayapaswi kupelekwa wodini. Bakteria huyo naye hununuliwa, husafirishwa na kutunzwa kwa baridi. Katika bajeti yenye dhiki, yeye huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa, kwa sababu kutokuwepo kwake hakuonekani: sahani zinaendelea kusomwa, fomu zinaendelea kujazwa, na hakuna anayejua kama namba zilizomo ni za kweli.

Zipo pia dawa ambazo njia hii haiziwezi kabisa. Molekuli ya kolistini, dawa ya mwisho kwa wagonjwa ambao nyingine zote zimewashinda, ni kubwa mno kupenya vizuri katika agari. Hiyo hupimwa kwa kuzimua dawa hatua kwa hatua katika mchuzi wenye bakteria, kazi inayohitaji vifaa na mikono mingi zaidi. Maabara nyingi za kanda hii hazifiki huko.

Homa iliyodhaniwa malaria

Gharama ya kukosa kipimo hiki iliwahi kupimwa Dar es Salaam. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watafiti katika Hospitali ya Taifa Muhimbili waliwafuatilia watoto 1,828 wa hadi umri wa miaka saba waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi, na damu ya kila mmoja ikaoteshwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba miongoni mwa waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Miongoni mwa wenye malaria, waliofariki walikuwa asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria alikuwa tayari ameizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo.

Utafiti huo una zaidi ya miaka ishirini, na malaria leo hupimwa kwa kipimo cha haraka hata katika zahanati. Lakini kipimo cha malaria kikionyesha kwamba mtoto hana vimelea, swali la pili hubaki palepale: ni nini basi kinachomuua? Katika sehemu kubwa ya kanda hii jibu la swali hilo bado ni sindano ya seftriaksoni na dua ya mzazi.

Upande wa pili wa suala hilo ulionekana katika mradi uliopewa jina la HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za maambukizi ya njia ya mkojo walichukuliwa sampuli. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, ni takriban mmoja kati ya watatu aliyethibitika kuwa na maambukizi ya bakteria. Na miongoni mwa E. coli waliooteshwa, zaidi kidogo ya nusu walikuwa sugu kwa dawa za makundi matatu au zaidi. Maana yake ni kwamba pale ambapo antibiotiki hutolewa kwa dalili pekee, wengi humeza dawa wasiyoihitaji, na baadhi ya wanaoihitaji humeza isiyofaa. Duka la dawa la mtaani hulaumiwa sana katika jambo hili, pengine kupita kiasi. Muuza dawa asiye na maabara ya kumtegemea hana tofauti kubwa na daktari asiye nayo.

Hoja inayotolewa mara nyingi na wanaopanga bajeti ni kwamba kuotesha bakteria huchukua siku mbili hadi tatu, na mgonjwa mahututi hawezi kusubiri. Hoja hiyo ni ya kweli lakini haijakamilika. Faida kubwa ya kipimo haiko kwa mgonjwa mmoja tu. Matokeo ya mwaka mzima yakijumlishwa, hospitali hupata orodha inayoonyesha ni dawa gani bado inafanya kazi dhidi ya bakteria gani katika eneo lake, na orodha hiyo ndiyo humwongoza daktari anapochoma sindano ya kwanza kwa mgonjwa wa usiku wa manane. Miongozo ya kimataifa inashauri orodha hiyo ijengwe juu ya angalau sampuli 30 za kila aina ya bakteria. Hospitali ya wilaya ambayo visahani vyake vya karatasi huisha Machi na kurudi Septemba haiwezi kuzifikia. Daktari wake hutibu kwa kutumia orodha ya hospitali ya mji mkuu, au kwa mazoea.

Milimita zinapovuka mpaka

Kwa wakazi wa mipakani, ambao hutibiwa Mwanza au Kampala, Bujumbura au Kigali kutegemea ndugu walipo na nauli inavyoruhusu, kuna tatizo jingine ambalo ni nadra kutajwa. Jedwali ambalo upana wa duara hulinganishwa nalo si moja. Lipo la taasisi ya Marekani, CLSI, na lipo la kamati ya Ulaya, EUCAST, na yote mawili hurekebishwa kila mwaka. Duara la milimita 24 kwa seftriaksoni dhidi ya E. coli, kwa jedwali la Marekani, ni la bakteria anayetibika kwa dozi ya kawaida. Kwa jedwali la Ulaya, duara hilohilo linamweka katika daraja la kati, linalotaka mgonjwa apewe dawa kwa kiwango kikubwa zaidi. Cheti cha maabara kisichotaja jedwali lililotumika huvuka mpaka kikiwa na nusu ya maana yake.

Hatari zaidi ni jedwali la zamani lililobandikwa ukutani. Mwaka 2010 CLSI ilibana vipimo vya sefalosporini. Kabla ya hapo duara la milimita 15 kwa seftriaksoni lilihesabiwa kuwa la kati; tangu hapo ni la bakteria sugu. Duara la milimita 21, lililokuwa la bakteria anayetibika, likaingia daraja la kati. Maabara ambayo haikupata chapisho jipya, au haikuwa na fedha za kulinunua katika miaka ambayo liliuzwa, iliendelea kuruhusu dawa ambayo wenzake walikwisha kuizuia, bila mtu yeyote kukosea kusoma rula.

Kanda hii iliwahi kujaribu kulitatua jambo hilo kwa pamoja. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa mtandao wa maabara za afya ya jamii kwa ajili ya Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, na Burundi ikajiunga mwaka 2012. Maabara kadhaa zilizochaguliwa zilikuwa karibu na mipaka, na wakaguzi kutoka nchi moja walikwenda kukagua maabara za nchi nyingine. Kifua kikuu ndicho kilichokuwa kiini cha mradi huo, na ndicho kilichofaidika zaidi. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO Desemba 2010, huweza kueleza ndani ya saa mbili kama kifua kikuu cha mgonjwa ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Bakteria wa kawaida, wale wa vidonda, mkojo na damu za watoto wachanga, hawakupata mfadhili wa aina hiyo.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mfano bora unatoka magharibi mwa nchi. Tangu mwaka 2007 taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ikishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, imekuwa ikikusanya na kuotesha damu za wagonjwa wenye homa kali. Kutokana na kazi hiyo, hasa katika hospitali ya Kisantu, mkoani Kongo Central, watafiti walimtambua Salmonella Typhimurium aliyekuwa amezishinda dawa za zamani pamoja na seftriaksoni na azithromaisini, na wakamtangaza mwaka 2019. Asingeonekana kama hospitali hiyo isingekuwa ikiotesha damu mwaka baada ya mwaka. Hospitali za mashariki ya Kongo, zinazopokea majeruhi wa vita wenye vidonda vichafu, zinahitaji kazi ya namna hiyo pengine kuliko mahali pengine popote katika kanda.

Pikipiki, simu na bajeti

Baadhi ya suluhu tayari zipo barabarani. Uganda ina mtandao wa waendesha pikipiki wanaokusanya sampuli kutoka vituo vya afya na kuzifikisha kwenye vituo vikuu, mtandao uliojengwa kwa fedha za kupambana na Ukimwi. Ni rahisi kusema kwamba pikipiki hizohizo zibebe na mkojo. Ila tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha Ukimwi linaweza kukaa wiki kadhaa. Mkojo wa kuoteshwa unapaswa kufika ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye baridi na ufike ndani ya saa 24. Bila sanduku la barafu, bakteria waliotoka kwenye ngozi huzaliana njiani na kumdanganya anayesoma sahani.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, nalo limetengeneza programu ya simu iitwayo Antibiogo, inayopiga picha sahani, kupima maduara na kutoa tafsiri, hata pasipo intaneti. Ni ya bure, na tangu 2022 ina kibali cha Ulaya cha kutumika kama kifaa cha uchunguzi wa maabara. Inaweza kuziba pengo la mtaalamu asiyekuwepo na la jedwali lililopitwa na wakati. Haiwezi kumimina agari ya milimita 4, wala kugundua kwamba jokofu lilizimika Jumapili.

Yanayobaki baada ya programu na pikipiki ni manunuzi: agari, visahani vya karatasi, chupa za kuoteshea damu, bakteria wa kulinganishia. Hivi si vitu vinavyozinduliwa kwa kukata utepe. Bohari ya Dawa ya Tanzania, KEMSA ya Kenya, bohari ya taifa ya Uganda na CAMEBU ya Burundi zote zina kazi ya kununua kwa wingi na kusambaza. Kama nchi hizo zingeagiza vifaa hivyo kwa pamoja, zingekuwa na sauti kubwa zaidi mbele ya wauzaji kuliko kila moja ikiagiza katoni chache kwa wakati wake, na zingelazimika pia kukubaliana ni jedwali gani litumike.

Septemba 2024, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York, nchi zote hizo ziliunga mkono tamko la kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusiana na usugu wa bakteria ifikapo 2030, kutoka vifo milioni 4.95 vilivyokadiriwa mwaka 2019. Tamko hilo linataka pia asilimia 80 ya nchi ziweze kufikia mwaka huo kupima usugu wa vimelea vyote vilivyo katika orodha ya ufuatiliaji ya WHO. Wakati tamko linapitishwa, Mfuko wa Fleming na USAID vilikuwa bado vinafanya kazi.

Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda husoma bajeti zao mwezi Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za wafadhili vina tarehe ya mwisho ya matumizi iliyochapishwa kwenye kila boksi, na visahani vya karatasi haviishi miaka mingi.